Duki wa Abruzzi: Kiongozi wa Rwenzori aliyejua kukabidhi kazi

Anayepita Bugoye, wilayani Kasese, kuelekea milima ya Rwenzori hufuata bonde la mto Mubuku. Mwaka 1906 msafara mkubwa ulipanda kwa bonde hilohilo chini ya Luigi Amedeo wa Savoia, Duki wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia aliyekuwa na umri wa miaka 33.

Alizaliwa Madrid tarehe 29 Januari 1873, siku chache kabla ya baba yake kukiacha kiti cha ufalme wa Hispania, na akakulia katika jeshi la majini la Italia.

Mtihani wake mkubwa ulimkuta katika bahari ya barafu. Mwaka 1899 aliondoka na meli ya Stella Polare akikusudia kuifikia Ncha ya Kaskazini. Huko baridi ilimharibu mkono, ikabidi sehemu za vidole viwili zikatwe. Safari ilikuwa yake, na utukufu ungekuwa wake. Hata hivyo alimkabidhi Umberto Cagni uongozi wote, naye akabaki kambini akingoja pasipo njia ya kupata habari wala kutuma amri. Tarehe 25 Aprili 1900 Cagni alifika nyuzi 86 na dakika 34 Kaskazini, mbali kuliko mtu yeyote kabla yake. Lakini wenzao watatu waliorudishwa njiani, akiwemo Luteni Francesco Querini, hawakuonekana tena.

Msiba wa namna hiyo humfanya kiongozi atake kushika kila kamba kwa mkono wake. Duki hakugeuka hivyo. Rwenzori alikwenda tena na Cagni. Picha alimwachia Vittorio Sella, miamba Alessandro Roccati, tiba daktari Cavalli Molinelli. Yeye akashika vipimo vya ramani. Tarehe 18 Juni 1906 alifika kilele cha Margherita, mita 5,109, akiwa na waongoza njia kutoka milima ya Alpi ambao aliwaachia kuichagua njia kwenye barafu. Hata kitabu cha safari hiyo kiliandikwa na Filippo De Filippi, ambaye hakuwemo msafarani.

Imani hiyo ilikuwa na mpaka wake. Mizigo ilipandishwa na wachukuzi Wakonzo, wenyeji wa milima hiyo, lakini vilele viwili virefu zaidi aliviita kwa majina ya malkia wa Italia na wa Uingereza, na hakuna alichokiita kwa jina la mchukuzi.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliongoza meli za kivita za Italia hadi mwaka 1917. Baadaye alianzisha mashamba kando ya mto Shabelle nchini Somalia, iliyokuwa chini ya ukoloni wa Italia. Alifariki huko tarehe 18 Machi 1933, akazikwa hukohuko.