Kinjikitile wa Ngarambe: Mtu Aliyezidiwa na Neno Lake

Mtu tunayemsimulia safari hii hakuwa Mkristo, wala hakufika huku kwetu Meru. Alikuwa mganga wa kusini, jina lake Kinjikitile Ngwale, naye alinyongwa na Wajerumani tarehe 4 Agosti 1905. Wengi wetu tulimjua shuleni kwa jina la Kinjeketile, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotolewa mwaka 1969. Sisi tuliofundisha kitabu hicho miaka mingi tumeona ya kuwa wanafunzi humaliza wakimjua yule wa jukwaani, na yule wa kweli wakamsahau. Basi tuanze na wa kweli.

Aliishi Ngarambe, magharibi ya milima ya Wamatumbi na kusini ya mto Rufiji. Nchi ile wakati huo ilikuwa imepinduliwa chini juu. Kodi ya nyumba ilikuwapo tangu mwaka 1898, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa jasho lake. Kisha, kuanzia mwaka 1902, serikali ya Kijerumani ikaamuru majumbe wafungue mashamba ya pamba, na watu wakalimishwa humo siku 28 kwa mwaka. Hesabu ya siku ilikuwa ya karatasini tu. Pamba hudai palizi wakati uleule mtama na mpunga wa mtu unapodai palizi, na mwenye shamba akiwa kwenye pamba ya serikali, nguruwe wa porini wako kwenye chakula chake. Malipo yalikuwa duni hata baadhi ya watu walikataa kuyapokea. Aliyechelewa alikutana na kiboko cha askari, naye akida alisimama pembeni akitazama. Shaaban Robert alipobuni nchi yake ya Kusadikika mwaka 1951, ambamo anayetaka haki hushitakiwa, aliitundika hewani. Umatumbi haikuhitaji kubuniwa.

Mwaka 1904 Kinjikitile alipandwa na pepo aitwaye Hongo. Wazee waliohojiwa mwaka 1968, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alioushughulikia sana marehemu Gwassa, walieleza kwamba mganga huyu aliingia katika kidimbwi cha maji watu wakimwona, akazama. Ndugu zake wakamtafuta wasimpate, wakajua amekufa. Kesho yake akatoka, nguo zake zikiwa kavu, akaanza kusema.

Mambo aliyosema yalikuwa makubwa. Waafrika wote ni watu wamoja, Mmatumbi na Mngindo na Mzaramo. Wazee waliokufa hawako mbali, nao wataonekana Ngarambe. Na maji yake, yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, yatamkinga mtu, risasi ya Mjerumani igeuke maji. Habari ikapita kwa minong'ono, kijiji hadi kijiji. Watu wakaja Ngarambe makundi kwa makundi, wakanywa, wakanyunyiziwa, wakafundishwa kupiga gwaride. Tufikirie kidogo ugumu wa kazi hiyo. Makabila yale yalikuwa na visasi vya zamani, hayakuwa na mfalme mmoja, wala hayakuwa na shule wala gazeti. Mtu mmoja asiye na jeshi aliyafanya yasikilizane katika muda usiotimia miaka miwili.

Lakini aliwaambia jambo jingine pia, ambalo ndilo walilolisikia kidogo kuliko yote. Aliwaambia wangoje. Yeye ndiye angetoa amri ya vita.

Wamatumbi wakachoka kungoja. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na kitendo hicho kikawa tangazo la vita. Amri ya Ngarambe haikutoka. Naye Kinjikitile alikamatwa, akapelekwa Mohoro, akanyongwa pamoja na msaidizi wake. Vita ilikuwa bado changa kabisa. Hakuona hata moja ya siku zile ambazo maji yake yalipimwa.

Tarehe 30 Agosti yalipimwa Mahenge. Maelfu ya watu waliishambulia boma wakitembea wima kuelekea kwenye bunduki za mtombo, nao waliojipaka dawa na wasiojipaka walianguka sawasawa. Hata hivyo vita haikuisha. Ilienda mpaka Ungoni, ikaendelea hadi 1907, kwa kuwa waliokuwa mbali waliona labda wenzao walivunja miiko ya dawa. Imani haifi siku moja. Mwishowe Wajerumani wakaacha kutafuta mapigano, wakachoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Pengine msomaji wa Tengeru au Sakina atauliza mbona huku kwetu ilikuwa kimya mwaka ule. Huku tulikuwa tumekwisha kuvunjwa. Baada ya wamisionari wawili kuuawa Akeri mwaka 1896, majeshi ya Kijerumani yalirudi Meru mara kwa mara, yakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Mwezi wa Machi 1900 Mangi Lobulu wa Meru alinyongwa Old Moshi, siku moja na Mangi Meli na wengine kadhaa. Boma la Arusha, ambalo leo ni jumba la makumbusho na watoto wetu hupelekwa kulitazama, lilijengwa wakati uleule kwa mikono ya watu walioshindwa. Kwa hiyo tusiwacheke watu wa kusini kwamba waliamini maji.

Sasa twende kwa yule wa jukwaani. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alisema wazi kwamba Kinjeketile wake si nakala ya mtu wa historia. Alitaka kumtazama mtu mwenye dosari, kama zile tunazosoma katika tanzia za Wayunani. Dosari hiyo ni ipi? Darasani jibu la haraka lilikuwa kwamba alikuwa mwongo. Tulilikataa kila mwaka. Kinjeketile wa tamthilia anaamini kabisa alichokipokea, na anaposhtuka kwamba ujumbe wenyewe una kasoro, kwamba pepo amewaahidi kuwa watoto wa Seyyid Said, yaani kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine, anataka kuzuia vita. Wakati huo neno halimo tena mikononi mwake. Watu wamekwisha kulichukua, nalo limemzidi kimo. Alitoa neno la umoja akalifunga ndani ya chupa ya maji, na watu wakashika chupa.

Mwisho wa tamthilia yumo kifungoni, na Wajerumani wanamtaka akane, aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa anajua yameshindwa. Hapo darasa liligawanyika miaka yote, na ugomvi ulitoka nje pamoja na kengele. Wengine walisema angesema kweli angeokoa maisha ya watu. Wengine walisema angekana, adui angelitangaza neno hilo mpaka vizazi vijavyo, na watu wasingethubutu tena kuungana. Maoni yetu sisi ni kwamba Hussein alimpa heshima kubwa mno pale. Waliokuwa wanakufa Mahenge walistahili kuambiwa. Lakini tunajua wenzetu wengi wenye akili hawakubaliani nasi.

Jambo hili si la mwaka 1905 peke yake. Mwaka 2011, katika mkoa wetu huu, barabara ya kwenda Samunge huko Loliondo ilijaa magari kilomita nyingi, watu wakienda kunywa kikombe kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Walikwenda maskini na wakubwa, na si wachache waliotoka katika viti vya makanisa ya mjini hapa. Mzee yule hakutajirika kwa bei ile, naye alifariki mwaka 2021. Hatuna sababu ya kumwita mdanganyifu. Lakini wako wagonjwa waliofia kwenye foleni, na wako walioacha dawa za hospitali. Kilichowapeleka ni kile kilichowapeleka watu Ngarambe: maisha yalikuwa yamewakaba, na mtu fulani alisema kwa uhakika. Nabii Yeremia alishindana na Hanania kwa jambo kama hilo. Hanania aliahidi nira ya Babeli itavunjika katika miaka miwili, na bila shaka mkutano ulimpenda yeye kuliko Yeremia.

Tumebakiza moja, nalo linatuhusu sisi Waanglikana moja kwa moja. Kituo cha misheni yetu Masasi, kilichoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere kwa watumwa waliokombolewa, kilichomwa moto katika vita hiyo, na wamisionari wakakimbilia Lindi. Baadaye walirudi, wakajenga upya. Sehemu nyingi za kusini, baada ya njaa, watu waliingia dini kwa wingi kuliko zamani: Umatumbi wengi waliingia Uislamu, na Ungoni misheni ya Wabenediktini huko Peramiho, iliyochomwa pia, ilijaa wanafunzi. Hao walikuwa watu walioonja maji yakashindwa, wakazika wazazi wao, kisha wakaketi mbele ya mwalimu mwingine aliyewaambia habari za maji mengine. 

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha mbele ya wazao wa Songea Mbano, mmoja wa wakuu wa Wangoni walionyongwa mwaka 1906, ambaye familia yake ingali inalitafuta fuvu la kichwa chake. Ngarambe hakufika.