John Akii-Bua: Bingwa wa Ng'ambo ya Ziwa



Kabla hatujafika kwenye ukurasa wa michango na ahadi, tunaomba mtulie kidogo tuwasimulie maisha ya mtu mmoja aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Mtu huyo hakuzaliwa Shinyanga wala Geita. Alizaliwa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu. Anaitwa John Akii-Bua, na ndiye binadamu wa kwanza kukimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa muda usiofika sekunde 48. Wazee waliokuwa na redio mwaka 1972 wanalikumbuka jina hilo. Vijana wetu wengi hawajawahi kulisikia, na hiyo ni sababu mojawapo ya kulileta hapa.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane, na watoto wa nyumba ile walifika 43. Anayetoka katika miji mikubwa ya Kisukuma ataielewa picha hiyo bila kuelezwa: ng'ombe wa kuchunga, mashamba ya kulima, na watoto wa rika moja wanaoshindana kukimbia tangu alfajiri hadi ng'ombe warudi zizini. Hakuna aliyemfundisha mbio. Alikimbia kwa sababu kazi za pale nyumbani zilitaka miguu.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 hivi, baba yake alifariki. Shule ikaishia hapo. Kijana akaenda kufanya kazi kwenye baa ili apate chochote. Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Siku ile Uganda ilikuwa karibu kumpoteza bingwa wake, na wala hakuna aliyejua. Hapakuwa na mtu wa kumwambia mjane kwamba mtoto huyu ana kitu cha pekee. Angeweza kuzeekea nyuma ya kaunta, na dunia isingejua kwamba imekosa kitu.

Kilichomwokoa ni kazi ya polisi. Alijiunga na jeshi hilo Kampala, na jeshi lilikuwa na timu ya riadha. Huko alimkuta Jorem Ochana, polisi mwenzake aliyekuwa mrukaji viunzi hodari, ambaye aliona namna kijana huyu mrefu alivyorusha miguu yake. Alianza na viunzi vya mbio fupi. Mwaka 1968 alijaribu kupata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Mexico akashindwa. Mwaka huohuo Uganda ilimwajiri kocha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, na kocha huyo ndiye aliyemhamishia kwenye mita 400.

Tuseme kidogo kuhusu mbio zenyewe, maana wengi wetu tumezoea mpira. Mkimbiaji anazunguka uwanja mara moja, na njiani kuna viunzi 10, kila kimoja kina kimo cha zaidi ya sentimita 91. Kati ya kiunzi na kiunzi kuna mita 35. Anayepungukiwa pumzi huanza kukosea hatua, na anayekosea hatua hufika kwenye kiunzi na mguu usio wake. Ndiyo maana wanariadha huziogopa mbio hizi kuliko nyingine nyingi. Akii-Bua alikuwa na kipaji ambacho wachache wanacho: aliweza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Lakini kipaji hicho hakikumtosha. Arnold alimfanyisha mazoezi mazito, akipanda vilima mbio na kukimbia akiwa amevaa kizibao chenye uzito, ili siku ya mashindano mwili uwe mwepesi.

Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa nne. Mwaka 1971 alikwenda Marekani kwenye mashindano kati ya Afrika na nchi hiyo, akashinda, na muda wake ukawa bora kuliko wa mtu yeyote duniani mwaka ule. Hata hivyo alipofika Munich mwaka 1972 kwa ajili ya Olimpiki, watu wachache tu walimhesabu. Alikuwa hajashindana mara nyingi nje ya Afrika, na nchi yake haikuwa na jina katika mbio hizo. Bingwa mtetezi alikuwa David Hemery wa Uingereza, aliyeweka rekodi ya dunia ya sekunde 48.12 kule Mexico.

Fainali ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na ambayo mkimbiaji mrefu huichukia. Bunduki ikalia. Hemery alitoka kwa kasi kubwa na nusu ya kwanza ilikuwa yake. Kwenye kona ya mwisho polisi wa Kampala akamfikia, na walipoingia sehemu iliyonyooka akampita. Alivuka mstari kwa sekunde 47.82. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili kwa sekunde 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Rekodi ya dunia ilikuwa imevunjwa kutoka kwenye njia ambayo hakuna mtu aliyeitaka.

Hakusimama pale mstarini. Aliendelea kukimbia akizunguka uwanja kwa furaha, bendera ya Uganda ikiwa mkononi, akiruka viunzi ambavyo havikuwapo. Siku hizi kila bingwa huzunguka uwanja na bendera yake, na wengi husema ni yeye aliyeifanya desturi hiyo ijulikane. Medali ile ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Nyingine haikupatikana hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London mwaka 2012, miaka 40 baadaye.

Alirudi nyumbani shujaa. Idi Amin, aliyekuwa ametwaa madaraka Januari 1971, alimpandisha cheo polisi na kumpa nyumba. Barabara mojawapo ya Kampala ikapewa jina lake. Lakini heshima hiyo ilikuwa na kivuli chake. Rais aliyepinduliwa, Milton Obote, alikuwa Mlango, na Walango wengi waliandamwa na kuuawa chini ya utawala ule. Akii-Bua alikuwa Mlango anayeonyeshwa kwa wageni kama ushahidi kwamba kabila lake halionewi. Alikula kwenye meza ambayo ndugu zake walikuwa wakiikimbia. Hakuichagua nafasi hiyo, na kuikataa kungekuwa hatari.

Mwaka 1973 alishinda tena, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos. Macho yake yakaelekea Montreal mwaka 1976, ambako alitarajiwa kupambana na kijana mpya wa Marekani, Edwin Moses. Pambano hilo halikuwepo. Nchi nyingi za Afrika ziligomea michezo ile kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Tanzania nayo iligoma, na Filbert Bayi wetu, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1500 tangu 1974, hakukimbia. Tulikuwa na haki ya kugoma. Pamoja na hayo, gharama yake ililipwa na vijana kama hawa wawili. Moses alishinda Montreal kwa sekunde 47.63, na rekodi ya Akii-Bua ikaondoka bila yeye kuwepo kuitetea.

Kisha ikaja vita ambayo nyumba nyingi za kwetu zinaijua. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Vijana wa Kanda ya Ziwa walikwenda vitani, na wengine hawakurudi. Aprili 1979 majeshi yetu pamoja na Waganda waliopinga utawala ule waliingia Kampala. Kwetu ilikuwa siku ya ushindi. Kwa Akii-Bua ilikuwa siku ya hofu, kwa sababu aliyekuwa ofisa wa polisi na mtu wa kutajwatajwa na Amin angeweza kuhesabiwa miongoni mwa watu wake. Alikimbilia Kenya na familia yake. Bingwa wa Olimpiki akawekwa kambini kama mkimbizi mwingine yeyote.

Waliomtoa kule ni Puma, kampuni ya Kijerumani iliyomtengenezea viatu vya mbio. Walimchukua Ujerumani Magharibi wakampa kazi. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda kwenye Olimpiki ya Moscow, lakini miaka ilikuwa imekwisha kwenda na hakufika fainali. Michezo hiyohiyo ndiyo iliyoipa Tanzania medali zake mbili za fedha, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui, na hadi leo hatujaongeza ya tatu. Baada ya miaka michache Akii-Bua alirejea Uganda akawa kocha. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997 akiwa na umri wa miaka 47. Mkewe alikuwa ametangulia, na aliacha watoto 11. Alizikwa kwa heshima za taifa.

Kwa nini tumeyasimulia haya katika kijitabu cha harambee? Kwa sababu maisha haya yana sehemu mbili ambazo jumuiya kama yetu inaweza kuzigusa.

Ya kwanza ni ule mwaka aliofiwa na baba. Kwetu Geita, Mbogwe, Kahama na Shinyanga vijijini, mtoto anayefiwa na mlezi halazimiki kwenda kwenye baa. Machimbo yako jirani. Anaanza kwa kubeba mawe kwenye karasha siku za Jumamosi, kisha anakosa Jumatatu, na kufikia mwisho wa muhula hayupo tena kwenye orodha ya darasa. Walimu wanaopeleka timu UMITASHUMTA na UMISSETA wanawajua watoto hawa: mwaka jana alikuwa wa kwanza kwenye mbio za wilaya, mwaka huu yuko duarani. Akii-Bua alipata jeshi la polisi lenye timu na Ochana mwenye jicho. Mtoto wa kwetu atampata nani?

Ya pili ni ile miaka ya baada ya medali. Watu walimshangilia kwa sekunde 47.82, lakini alipokuwa kambini, mkono uliomfikia ulitoka kwa watengeneza viatu wa Ulaya. Heshima za taifa zilikuja akiwa jenezani. Sisi tuna desturi ya kuchanga vizuri sana msibani, na desturi hiyo ni nzuri. Tunachoomba ni kwamba tuwahi pia kabla ya msiba.

Mwaka huu sehemu ya michango yenu itakwenda kwenye mambo mawili: kuwarudisha shuleni watoto waliofiwa na walezi wao, kwa sare, madaftari na chakula cha mchana, na kusawazisha viwanja vya michezo vya shule ili mwalimu mwenye jicho apate mahali pa kumwona mtoto akikimbia. Hatuahidi dhahabu ya Olimpiki. Dhahabu ya ardhini tunayo, na tunajua kwamba haiokotwi bila kuchimbwa.

Waswahili wanasema mcheza kwao hutunzwa. Tumtunze angali anacheza.