Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyeuza sauti yake

WENGI wanapotaja jina la Siti binti Saad huishia kwenye taarab. Wachache hukumbuka kuwa mwanamke huyo alianza kama mchuuzi wa vyungu, na wachache zaidi wanajua kuwa asili ya mama yake ilikuwa Uzigua, kabila ambalo mtu wa Handeni, Korogwe au Mombo hahitaji kuelezwa. Baba yake, Mzee Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, Tabora. Wazazi wote wawili walizaliwa Unguja, na huko ndiko Siti naye alikozaliwa mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba.

Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa, na halikuwa la mzaha. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wakati yeye amekwisha kuwa msichana wa miaka 17. Hilo la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani, baada ya kuanza kujulikana. Hakupelekwa shule wala chuoni. Alichokuwa nacho ni miguu, kichwa cha kubebea mzigo na koo.

Mama yake alifinyanga, binti akauza. Kila aliyewahi kuifanya biashara ya vyungu anajua ugumu wake: mzigo ni mzito, bei ni ndogo, na kikivunjika kimoja njiani faida ya siku imekwenda. Kutoka Fumba hadi mjini Unguja ni mwendo wa karibu kilomita 20. Siti alipita mitaani akiimba ili wanunuzi watoke nje, na baada ya muda watu wakawa wanajua anakuja kabla hawajamwona. Leo wachuuzi hutumia spika na betri kwa kazi hiyo hiyo. Yeye alikuwa na mapafu tu, na bila kujua alikuwa anafanya mazoezi ambayo baadaye yangemfaa mbele ya mashine.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala na kutamka Kiarabu sawasawa. Wakati huo taarab ilikuwa muziki wa wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu, na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, vilikuwa vya wanaume. Siti akapata wenzake: Subeti Ambari, Maalim Shaaban, Mbaruku na Buda Swedi. Wakaipeleka taarab kwenye Kiswahili, wakaimba habari za mitaani, za mapenzi, za wakubwa waliowaonea wadogo na za mahakama zilizopindisha haki. Wimbo wake wa Kijiti, unaohusu mauaji ya mwanamke na mtuhumiwa aliyetorokea bara, ulijulikana mno. Akaalikwa kwenye harusi za matajiri na kwenye jumba la Sultani.

Hadi hapo biashara yake ilikuwa ya aina ile ile ya vyungu. Aliyetaka kumsikia alipaswa awepo pale alipo. Akiimba usiku mmoja, amelipwa usiku mmoja.

Machi 1928 kampuni ya gramafoni ya Uingereza, yenye nembo ya His Master's Voice, iliwachukua Siti na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo zao. Wakawa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri za biashara kwa Kiswahili. Walivuka bahari yote hiyo kwa sababu mitambo ya kurekodi haikuwa kitu cha kubeba kwa urahisi. Sauti ilichongwa na kisu chembamba juu ya bamba nene la nta, na nta hiyo ilitakiwa iwe na joto la kiasi maalumu. Ikipoa sana inagoma kuchongeka, ikipata joto sana inalegea. Bamba hilo halikuweza kuchezwa na mteja. Lilipakwa madini kwa umeme, likatolewa muhuri wa chuma, na muhuri huo ndio uliokandamiza nakala moja baada ya nyingine kama mtu anayekata sabuni kwa kibao. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda chake cha kutengeneza santuri huko Calcutta tangu mwaka 1908.

Siti alikuwa na bahati ya wakati. Laiti angekwenda miaka michache kabla, angesimama mbele ya pembe kubwa ya bati na kupiga kelele ndani yake, maana ndivyo ilivyorekodiwa hadi mwaka 1925. Pembe ilitegemea nguvu ya sauti yenyewe kusukuma kisu. Fidla ilififia, besi haikuonekana kabisa. Mwaka 1925 ikaja njia ya umeme: maikrofoni inageuza sauti kuwa umeme, amplifaya ya taa za kioo inaukuza, na umeme huo ndio unaosukuma kisu. Kwa njia hiyo mpya santuri iliweza kubeba takriban mitetemo 100 hadi 5,000 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia kati ya 20 na 20,000, kwa hiyo bado kilichopotea kilikuwa kingi, lakini sauti ya mwanamke anayeimba kwa nguvu, kwa maneno yanayotamkwa wazi, huangukia katikati kabisa ya sehemu iliyobaki. Udi ulipoteza uzito wake wa chini na ngoma zikasikika kama kugonga ubao. Siti alibaki mzima. Mafundi wa sauti wanaozisikiliza santuri hizo hukuta kwamba maneno yake yanashikika hata pale ala zinapochanganyikana.

Kulikuwa na kipimo kingine kisichobembelezeka. Santuri ya inchi 10, inayozunguka mara 78 kwa dakika, inachukua kama dakika 3 upande mmoja. Wimbo wa taarab kwenye harusi hauishi kwa dakika 3. Hapo ndipo wasikilizaji wanaanza kutunza. Ilibidi beti zipunguzwe, au wimbo ukatwe katikati, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Msikilizaji ananyanyuka, anageuza, anabadilisha sindano ya chuma, anaendelea. Siti, aliyezoea kuuvuta mstari mmoja kadiri watu wanavyotaka, alijifunza kuupima kama mtu anayejaza kibaba.

Wakulima watapendezwa na jambo moja kuhusu santuri zenyewe. Kilichozishikanisha kilikuwa zao la shambani. Shelaki ni utomvu unaotolewa na mdudu mdogo anayekaa kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Wanavijiji hukata matawi, hukwangua utomvu uliokauka, huuosha na kuuyeyusha. Ndiyo mali ghafi ya lakiri ya kupigia mihuri, na maseremala huijua kwa kung'arisha mbao. Kwenye santuri shelaki ilikuwa kama theluthi moja. Sehemu kubwa iliyobaki ni unga wa mawe, na masizi ya kuipa weusi. Unga huo wa mawe uliwekwa kwa makusudi, ili usage ncha ya sindano ya chuma hadi ikae sawa ndani ya mfereji. Ule mchakacho unaosikika nyuma ya Siti, kama mtu anakaanga samaki chumba cha pili, asilia yake ni hapo.

Santuri zilirudi Afrika Mashariki zikiwa bidhaa ya duka. Gramafoni ya wakati ule haikuhitaji umeme. Ilikuwa na springi kama ya saa. Unaikaza kwa mkono, inazunguka. Kwa hiyo soko halikuishia mijini kwenye nyaya za umeme. Bara ya Tanga reli ilikwishafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikipita kwenye mashamba ya mkonge, ambako vibarua wa makabila mengi walikuwa na lugha moja tu ya pamoja, nayo ni Kiswahili. Mtu mmoja mwenye mashine mkahawani alitosha kuwasikilizisha watu 30. Siti akawa anasikika kwa watu ambao hawakuwahi kuona bahari, achilia mbali Unguja.

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni santuri 72,000 zilizouzwa kufikia mwaka 1931. Kwa bidhaa ambayo miaka mitatu kabla haikuwapo, ni mauzo ya kushangaza, na washindani hawakulala: Odeon na Columbia nazo zikaanza kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Halafu mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukafika huku. Bei ya mkonge ilianguka, na vibarua waliopunguzwa kazi hawanunui santuri. Mwaka 1931 kampuni ya His Master's Voice iliungana na Columbia na kuwa EMI.

Mnunuzi wa chungu anakitumia mpaka kivunjike, kisha anarudi kwa mfinyanzi. Mnunuzi wa santuri anarudi dukani, si kwa mwimbaji. Kati ya Siti na msikilizaji wa bara walikaa wengi: mkwanguaji wa shelaki, mfanyakazi wa kiwandani, kampuni, wakala, mwenye duka, mwenye mkahawa. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na mwenye sauti alikuwa mbali kuliko wote na kaunta ambako fedha ilipokelewa. Hata hivyo ni santuri hizo zilizomfanya atafutwe na kuitwa, na akaendelea kuimba Unguja.

Muda mfupi kabla ya kufariki, mwandishi Shaaban Robert, mwenyeji wa Tanga, alimtembelea na kuzungumza naye, na mazungumzo hayo yakazaa kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alifariki Julai 8, 1950. Mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mmoja wa waliojifunza kwa kumsikiliza. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa albamu ya nyimbo za bibi huyo.

Wakati Siti anafariki, teknolojia iliyombeba nayo ilikuwa inakufa. Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ilileta LP ya plastiki, yenye mifereji myembamba na dakika zaidi ya 20 kila upande. Santuri za shelaki zikaingia masandukuni, chini ya vitanda, nyingine zikavunjika. Kwa mtu ambaye hakufundishwa kuandika, hizo ndizo kumbukumbu zilizotoka kinywani mwake mwenyewe. Nakala yoyote iliyobaki kwenye sanduku la babu, iwe Tanga mjini au Mombo, ni mali, na wengi huziharibu kwa nia njema.

Kosa la kwanza ni kusafisha kwa spiriti. Spiriti huyeyusha shelaki. Hivyo ndivyo seremala anavyoichanganya. LP huvumilia, santuri ya shelaki haivumilii. Maji kidogo yenye tone la sabuni laini na kitambaa kisichochubua hutosha, karatasi ya katikati isilowe, kisha ikaushwe kivulini. Joto la tambarare kama la Mombo, ndani ya chumba chenye paa la bati bila dari, linatosha kuipinda. Isimamishwe wima kama sahani kwenye kichanja, isilazwe kwa rundo, na isiwekwe karibu na dirisha linalopigwa na jua.

Kosa la pili ni kuicheza kwa sindano ya LP. Ncha ya sindano ya LP ina unene wa mikroni 18 hadi 25. Mfereji wa santuri ya 1928 ni mpana na unahitaji ncha ya mikroni 75 hivi. Sindano nyembamba inazama hadi chini kwenye vumbi na kuburuzika, na mwenye santuri anadhani imekwisha, kumbe sindano siyo yake. Nao mkono wa gramafoni ya zamani huikandamiza santuri kwa uzito unaozidi gramu 100, wakati mkono wa kisasa hauhitaji zaidi ya gramu 5. Kuicheza kila Jumapili kwenye mashine ya babu ni kuitafuna.

Kasi nayo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Mashine ikikosea mizunguko 4 au 5 kwa dakika, sauti hupanda au kushuka karibu nusu toni, na Siti anageuka kuwa mtu mwingine. Amplifaya za kisasa pia hurekebisha besi na milio myembamba kwa kanuni iliyowekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya LP, ambayo haikuwapo wakati Siti anarekodi. Fundi mzuri huizima kanuni hiyo na kurekebisha kwa sikio.

Anayetaka kuihamishia kwenye kompyuta aihifadhi kwanza kama ilivyo, na mchakacho wake wote, kabla ya kugusa programu za kusafisha sauti. Programu hizo huweza kufuta sehemu ya sauti ya upinde wa fidla pamoja na mchakacho, na kinachofutwa kwenye nakala pekee hakirudi.