Lamborghini: Mtoto wa mkulima aliyetajirika kwa matrekta

Jina la Lamborghini linapotajwa, wengi hufikiria magari ya kifahari ya matajiri. Wachache wanajua kuwa mwenye jina hilo alikuwa mtoto wa wakulima wa zabibu, na kwamba mtaji wake ulitokana na matrekta.

Ferruccio Lamborghini alizaliwa Aprili 28, 1916 huko Renazzo, kaskazini mwa Italia. Tangu utotoni alipenda mashine kuliko jembe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa fundi wa magari wa jeshi la anga la Italia katika kisiwa cha Rhodes.

Vita vilipokwisha, wakulima walihitaji matrekta lakini fedha hawakuwa nazo. Ferruccio alinunua injini na vipuri vya magari ya kijeshi yaliyoachwa, akaviunda upya. Mwaka 1948 alitoa trekta lililowashwa kwa petroli, kisha likaendelea na kazi kwa dizeli, iliyokuwa nafuu. Biashara ikakua haraka.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya magari ya mwendo kasi huko Sant'Agata Bolognese. Miaka mitatu baadaye likatoka gari lililompa sifa kubwa kuliko yote, Miura.

Tulilinganishe gari hilo na Toyota Corolla ya miaka ya 2000, ambayo wafanyabiashara wengi wanaifahamu. Miura lina injini ya lita 3.9 yenye silinda 12. Corolla ya lita 1.5 ina silinda nne tu. Kwa mbio, hakuna ushindani. Lakini Miura hubeba watu wawili, wakati Corolla hubeba watano na mizigo kwenye buti, hula mafuta kidogo na vipuri vyake havisumbui kupatikana.

Hata hivyo, Miura zilizotengenezwa hazikufika 800, hivyo leo lililotunzwa vizuri huweza kuuzwa zaidi ya dola milioni 1 za Marekani. Bei hiyo ilikuja Ferruccio akiwa ameshaondoka kwenye biashara hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, oda kubwa ya matrekta kutoka Bolivia ilifutwa, na kiwanda kilichokuwa nguzo yake kikayumba. Mwaka 1972 aliuza asilimia 51 ya kampuni ya magari. Mwaka 1973 matrekta yakachukuliwa na kampuni ya SAME, na mwaka 1974 akauza hisa za magari zilizobaki.

Hakufilisika. Alihamia shambani Umbria, karibu na Ziwa Trasimeno, akalima zabibu kama wazazi wake na kutengeneza mvinyo. Alifariki dunia Februari 20, 1993.

Funzo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo ni kwamba chombo kinacholeta sifa na kile kinacholeta fedha mara nyingi ni viwili tofauti. Kabla ya kununua cha kwanza, hakikisha cha pili hakiwezi kuyumba kwa oda moja kufutwa.