Walther Nernst: ampuli yake ilisahauliwa, lakini udongo wake uko ndani ya gari zetu

Kwenye garaji za Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, kazi hii inajulikana sana. Gari imefika toka Japani na katalizeri yake ndani ya bomba ya moshi. Kisha wakati, katalizeri inaziba ao inapasuka, na mupya iko bei ya juu. Fundi anaikata, anachomelea bomba ya kawaida. Siku chache nyuma, taa ya motere inawaka kwenye tablo. Sasa njo fundi anaanza kucheza na sonda ya oksijeni: anaweka kipande cha chuma chenye tundu kidogo katikati ya sonda na bomba, ili moshi isiifikie sana. Wengine wanaunganisha rezistansi na kondensateri kwenye waya. Taa inazimika, mwenye gari analipa, anaenda.

Hesabu inayofanya ile sonda itumike iliandikwa na mutu aliyekufa miaka 35 mbele gari ya kwanza yenye sonda kuuzishwa. Jina lake ni Walther Nernst.

Alizaliwa tarehe 25 mwezi wa sita 1864 katika muji mudogo wa Briesen, ambao wakati ule ulikuwa wa Ujerumani na leo uko Polandi. Baba yake alikuwa juji. Kijana Nernst alisoma Zürich, Berlin, Graz na Würzburg, kisha akafika Leipzig kutumika pembeni ya Wilhelm Ostwald, mwalimu mukubwa wa kemia. Ni kule, munamo mwaka 1889, akiwa na miaka 25 tu, njo alitoa hesabu iliyobeba jina lake mpaka leo.

Kwa kifupi, hesabu inasema hivi. Ukiwa na kitu kimoja pande mbili, upande huu kingi, upande ule kidogo, na katikati kuna ukuta wenye kuacha chembe za umeme za kile kitu zipite, basi kuranti kidogo inazaliwa. Nernst alionyesha namna ya kuhesabu nguvu ya ile kuranti. Wingi wenyewe si lazima kuujua: kinachohesabika ni upande mumoja unapita mwingine mara ngapi, pamoja na joto la pale. Yeye alikuwa anafikiria pile na maji ya chumvi. Gari hakuifikiria hata kidogo, kwani wakati ule gari zenyewe zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Nernst hakuwa mwalimu wa kukaa ndani ya vitabu tu. Alipenda feza, alipenda mashini, na alipenda watu wajue kama yeye njo alivumbua kitu. Akiwa profesa huko Göttingen, munamo mwaka 1897 alitengeneza ampuli ya namna yake. Ampuli za siku zile zilikuwa na uzi wa kaboni, na ule uzi ulipashwa kufungwa ndani ya chupa isiyo na hewa, la sivyo unaungua. Nernst alitia mahali pake kijiti cha udongo wa kuchomwa, uliotengenezwa na zirkoni pamoja na itriya kidogo. Udongo huo hauungui, kwa hiyo hauhitaji chupa isiyo na hewa. Taa ilikuwa nyeupe na yenye nguvu kuliko ya kaboni.

Ila ilikuwa na kasoro moja. Udongo ukiwa baridi, kuranti haipiti. Ilipashwa kupashwa moto kwanza, na zile za mwanzo ziliwashwa na kibiriti, sawa vile mutu anawasha kandili! Kompanyi AEG ya Ujerumani ilinunua haki za ile ampuli, na inasimuliwa kama Nernst aliomba alipwe yote mara moja, mark milioni moja. Alifanya vizuri. Kisha miaka, ampuli za uzi wa tungstene zilifika, na ya Nernst ikatoka kwenye soko.

Na feza zake akanunua gari, wakati watu wengi wa Göttingen walikuwa hawajagusa hata moja. Alinunua moja, kisha ingine, na aliendesha mwenyewe. Inasimuliwa kama alibeba chupa ya gazi inayoitwa protoksidi ya azoti, akaiingiza ndani ya motere ili gari ipate nguvu ya kupanda milima. Vijana wa siku hizi wenye kufunga zile chupa kwenye gari za mbio wanafikiri ni mambo mapya.

Munamo mwaka 1905 alihamia Berlin, na mwaka uliofuata akatoa kanuni yake kuhusu baridi kali, ile iliyomupatia zawadi ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920. Ni yeye pia alimusukuma tajiri Ernest Solvay aite mukutano wa wanafizikia huko Bruxelles munamo mwaka 1911, ambamo Einstein na Marie Curie walikaa meza moja. Ubelgiji ilikuwa imechukua Kongo kama koloni miaka tatu tu mbele ya pale. Kisha mukutano ule, Nernst na Max Planck njo walienda kumushawishi Einstein ahamie Berlin.

Vita ya kwanza ya dunia iliharibu mengi. Mwaka 1914, akiwa na miaka 50, Nernst alijitolea na gari yake kuwa shoferi wa jeshi, akafika karibu na Paris, kisha akarudi nyuma pamoja na jeshi lililoshindwa. Alitia sahihi yake kwenye barua ya wasomi 93 waliotetea matendo ya Ujerumani, na akashiriki katika kutafuta silaha za gazi. Hakuna namna ya kuficha upande huu wa maisha yake. Alikuwa na watoto watano, wanaume wawili na wanamuke watatu. Wale wanaume wote wawili walikufa katika vita ile.

Wakati Hitler alichukua mamlaka, munamo 1933, Nernst alikuwa anaingia katika pumuziko. Binti zake wawili walikuwa wameolewa na Wayahudi, wakapashwa kukimbia inchi. Muzee akabaki kwenye shamba lake la Zibelle, akifuga samaki. Alichagua samaki, inasimuliwa, juu wako na damu baridi na hawapotezi chakula kwa kutia hewa moto. Alifariki pale tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 1941. Mabaki yake yako Göttingen.

Udongo wake ulimungojea. Miaka ya 1970, Marekani ilikaza sheria juu ya moshi ya gari, hasa California. Katalizeri inasafisha moshi vizuri kama motere inachanganya hewa na esanse kwa kipimo: kilo 14,7 ya hewa kwa kilo moja ya esanse. Nani ataambia motere kama kipimo kimepita? Wainjinia wa Bosch walirudia zirkoni na itriya. Wakatengeneza kofia ndogo ya ule udongo: ndani mwake hewa safi, inje mwake moshi. Oksijeni ikiwa nyingi upande mumoja, kuranti inazaliwa, sawa vile hesabu ya 1889 ilisema. Volvo iliuzisha gari za kwanza zenye ile sonda huko Marekani munamo mwaka 1976.

Na ile kasoro ya ampuli ilikuja nayo. Sonda hii isipofika kama digrii 300, haisemi kitu. Kwa hiyo fundi anayetengeneza bomba mupya na kupeleka sonda ya kwanza mbali na motere anairudisha kwenye shida ya kibiriti, isipokuwa kama ile sonda iko na kipasha moto chake ndani, na waya zake zimefungwa vizuri.

Tena sonda ziko mbili, na kazi yazo si moja. Ya pili, iliyo nyuma ya katalizeri, kazi yake kubwa ni kuchunga kama katalizeri inafanya kazi. Ukiidanganya, gari itatembea kama kawaida, lakini monoksidi ya kaboni na gazi zingine zinatoka hivi hivi mbele ya nyumba za watu na wauzaji wa kando ya barabara. Ya kwanza njo inapima esanse. Hiyo haidanganywi bure. Tundu kidogo tu kwenye kulehemu mbele yake, hewa ya inje inaingia, sonda inaona oksijeni nyingi, kompyuta inaongeza esanse, na mwenye gari anarudi kwa wauza esanse kila siku akilaumu pampu.

Kwa miji yetu hii sonda iko na faida ingine. Goma na Bukavu ziko karibu metre 1 500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Ni sonda ya kwanza inayosaidia kompyuta kupunguza esanse kufuatana na hewa iliyoko.

Kuijua kama bado nzima si vigumu. Motere ikiwa moto, fundi anaweka voltimetre kwenye waya ya sonda ya kwanza ya namna hii ya zirkoni. Alama ipashwa kuruka bila kupumuzika, toka karibu 0,1 volti mpaka karibu 0,9. Ikikaa pale pale, mbele ya kununua ingine, aangalie kwanza kama bomba haivuji na kama waya za kipasha moto hazikukatika.