Muyaka na Vichochoro vya Mvita

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, malenga wa Mombasa aliyezaliwa yapata mwaka 1776 na kufariki 1840, husomeshwa madarasani kana kwamba hakuwa na mtaa. Wanafunzi huhesabu mizani na vina vyake, wakataja uhasama wa Wamazrui na Seyyid Said, kisha wakafunga madaftari. Aghalabu husahauliwa kwamba tungo zile zilihitaji mji wa namna fulani ili zienee.

Mji huo ulikuwa ukanda mdogo wa mashariki ya kisiwa: Gavana karibu na Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na Mji wa Kale kaskazini yake. Ulivukwa kwa miguu, tena kwa njia zaidi ya moja. Kichochoro kilizaa kichochoro, na aliyeikwepa baraza moja aliiangukia nyingine. Muyaka, aliyekuwa pia mfanyabiashara wa baharini, aliutoa ushairi katika duara ya wanazuoni akautia sokoni: siasa, mapenzi, ufukara, mafumbo. Ushairi wake ulikuwa wa kujibizana, na majibizano hutaka watu wanaokutana bila ya kuagana.

Aliwatetea Wamazrui kwa ulimi wake hata walipoangushwa mwaka 1837. Miaka yake ya mwisho aliiishi chini ya utawala alioupinga. Hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Tungo zilibaki vifuani mwa watu wa mitaa ileile, na ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor, miongo kadhaa baadaye. William Hichens alizichapisha mwaka 1940. Kwa maoni yangu, vichochoro vilikuwa ndiyo maktaba ya kwanza ya Muyaka.

Barabara mashuhuri ya mji huo ingali ikiitwa Ndia Kuu. (Mwalimu asiwasahihishie wanafunzi: ndia ni Kimvita safi, lahaja ya Muyaka mwenyewe.)

Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, na bandari ya Kilindini. Mji ukageukia magharibi, ukapata barabara pana zilizonyooka. Daraja la Nyali la mwaka 1931 likaufungulia bara ya kaskazini, na kufikia sensa ya 2019 Mombasa, kisiwa na bara zake, ilikuwa na watu 1,208,333. Lakini mji ulivyotanuka ndivyo njia zilivyopungukiwa na makutano. Mitaa mingi mipya ina mdomo mmoja tu, unaotokea barabara kuu. Majirani waliopakana kwa ukuta huzunguka mbali ili wabishiane hodi, na wengi hawabishiani kamwe. Watu wameongezeka, mabaraza yamepungua.

Utungo wa Muyaka uliotoka Kibokoni asubuhi ungefikaje leo katika mitaa hiyo ya bara? Kwanza ungepanga foleni darajani, nyuma ya matatu.