Kinjikitile Ngwale: aliyetambaa kama nyoka hadi bwawani

Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwaka 1904, pale Ngarambe, kaskazini-magharibi ya Kilwa. Watu wa nyumba ya Kinjikitile Ngwale walikuwa nje wakiota jua. Mara wakamwona yuko chini kifudifudi, mikono ameinyoosha mbele, anatambaa kwa tumbo kuelekea majini. Ndugu wakamshika miguu wamvute. Wakashindwa, naye akilia kwamba wanamuumiza. Akazama bwawani. Wapiga mbizi wakamtafuta wasimwone. Jamaa wakalala ukingoni, na kesho yake saa ile ile akatoka mzima, nguo kavu.

Ndivyo wazee walivyosimulia. Walisema amechukuliwa na Hongo, pepo wa maji ambaye wengi walimpa umbo la nyoka, mtumishi wa Bokero wa mto Rufiji. Kwetu pwani hilo si geni. Katika ngoma za pepo, aliyepandwa huacha mwendo wake akashika wa yule aliyempanda. Ndiyo maana tunaona kwamba kabla hajatamka neno, mwili wake ulikwisha kusema.

Aliporudi alitangaza kwamba wafu watarejea, na kwamba simba na chui hawatakula watu tena. Akatoa dawa: maji yenye mafuta ya nyonyo na punje za mtama, ya kugeuza risasi kuwa maji.

Watu walikwisha kuchoka. Tangu 1902 Wajerumani waliwalazimisha kulima pamba katika mashamba ya pamoja, kwa viboko vya maakida na ujira usiotosha kitu. Wamatumbi, Wakichi na watu wa Rufiji wakaanza kumiminika Ngarambe kwa misafara, wakiimba njia nzima. Kwa serikali dawa ilisemwa kuwa ya mazao, na ya kufukuza nguruwe-mwitu shambani. Nani angeshuku? Mkulima yeyote wa kusini anawajua nguruwe. Kumbe huko Ngarambe kulikuwa na likinda, mazoezi ya vita: watu wamejipanga safu, wanakwenda kwa hatua moja. Makabila ambayo hayakuwahi kuwa na mtawala mmoja yalijifunza kutembea pamoja, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo dawa iliyofanya kazi.

Kinjikitile aliwaambia wangoje amri yake. Hawakungoja. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, milimani Umatumbi, waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Yeye mwenyewe hakuviona vikikua. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Mohoro.

Vita vilienea Liwale, Lindi hadi Songea, vikaendelea mpaka 1907. Risasi hazikugeuka maji. Wajerumani walichoma vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Hesabu yao wenyewe ilikuwa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria zaidi ya 250,000.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alimrudisha jukwaani kwa tamthilia ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Humo nabii anaanza kuyatilia shaka maji yake mwenyewe, wakati watu wamekwisha kuyaamini na hawazuiliki tena. Hussein aliliandika jina lake Kinjeketile. Ni huyu huyu wa Ngarambe.